Saa Kumi na Moja Jioni

Neno la juma: Mathayo 20:1–16

Alhamisi usiku, baada ya mazoezi ya kwaya, tulijibana sebuleni kwa familia moja hapa Ruwi, nchini Oman, birika la chai ya maziwa katikati yetu, tukatazama kipindi cha kwanza kabisa cha shindano la televisheni la The Apprentice, kile cha mwaka 2004. Donald Trump, miaka mingi kabla ya urais, anatafuta mtu wa kumwajiri. Washiriki ni 16: wanaume 8, wanawake 8. Kila kundi linapewa dola 250 na agizo moja, likauze maji ya limau katika mitaa ya New York. Wanaume wakaweka meza yao karibu na soko la samaki. Wanawake wakaenda katikati ya mji, wakauza kikombe kwa dola 5, na baadhi ya wateja wakaongezewa busu la shavuni. Wanawake wakashinda kwa mbali. Mwisho wa kipindi, mwanamume mmoja akafukuzwa.

Mandazi hayajaisha, ubishi ukawaka. "Hiyo siyo haki," akasema kaka mmoja wa Mwanza. "Mashindano ni ya biashara, siyo ya urembo." Dada wa Mombasa, aliyekua akiuza viazi karai nje ya nyumba ya mamake, akacheka. "Kaka, nani aliwakataza kutabasamu? Na limau penye shombo la samaki, wewe ungekunywa?" Mama mmoja wa Kampala, ambaye husema polepole, akauliza: "Na huyo aliyefukuzwa, ndiye aliyelichagua hilo soko?" Tukanyamaza. Kisha kelele zikarudi palepale.

Wakati wa kuaga, yule kaka alinishika mkono mlangoni. Akaniambia kwamba kazini kwake ameajiriwa mtu mpya, kazi ni ileile, lakini mshahara wa mgeni ni mkubwa kuliko wake yeye mwenye miaka sita. Tofauti anayoiona ni pasipoti tu. Ndipo nikaelewa kwamba usiku ule wote hakuwa akibishania limau.

Wapendwa, mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu umeandikwa kwa ajili ya sebule kama ile. Nasi Waswahili tuna bahati nao, maana saa zake ni saa zetu. Mwenye shamba anatoka kutafuta vibarua alfajiri, kisha saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hatuhitaji kuhesabu kwa vidole. Saa kumi na moja tunaijua: vivuli vya majabali vimeshatambaa juu ya mitaa ya Ruwi, na jua limebakiza kama saa moja. Anayeanza kazi wakati huo anakaribia kunawa mikono kabla hajashika jembe.

Na jua la mchana tunalijua pia. Kila mwaka, kuanzia Juni hadi Agosti, sheria ya Oman inasimamisha kazi za nje tangu saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, kwa sababu joto lile linaweza kumwangusha mtu. Basi wale wa alfajiri wanapolalamika kwamba wamelibeba jua la kutwa nzima na kulipwa dinari moja sawa na waliochelewa, tusiwacheke. Wamechoka kweli.

Lakini sikilizeni vizuri wanalia nini. Kuna kilio kinachosema, "Nimedhulumiwa." Kipo kingine kinachosema, "Mwenzangu amependelewa." Vyote viwili huanza na neno lilelile: siyo haki.

Kilio cha kwanza, Mungu yuko upande wake. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24, inaagiza kibarua alipwe siku ileile, kabla jua halijatua. Yakobo, katika waraka wake, sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Na katika mfano wetu, mwenye shamba analipa jioni hiyohiyo, na wale wa kwanza wanapata kiasi walichopatana, bila kupunguziwa hata senti. Kwa hiyo dada yangu, kama una miezi mitatu hujalipwa, asije mtu akakusomea Mathayo 20 ili akunyamazishe. Njoo uwaone wazee wa kanisa. Tutakwenda nawe panapohusika. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kilio cha pili ndicho ambacho mwenye shamba anakigusa kwa upole, akimwita mlalamikaji rafiki, na kumuuliza kama wema aliofanyiwa mwingine ndio unaomuuma.

Na kaka yangu wa Mwanza? Kilio chake ni cha kwanza, lakini kilikuwa kimeanza kugeuka kuwa cha pili. Alikuwa ameacha kumsalimia yule mgeni. Nikamwambia: mlalamikie mwenye mizani, usimchukie aliyepimiwa. Yule naye ameacha mama kwao.

Maana hata wale wa saa kumi na moja walikuwa na habari yao. Walipoulizwa kwa nini wanasimama bure, walijibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Nao walikaa juani kutwa, tena bila matumaini, wakiwaza watoto watakula nini. Dinari ilikuwa riziki ya siku moja, na tumbo la mtoto halijui baba aliitwa saa ngapi. Kwenye televisheni tunabishana kama mtihani ulikuwa sawa kwa wale 16, na mwisho wa mchezo lazima mmoja afukuzwe. Katika shamba lile hafukuzwi mtu, na anayeendesha mambo ndiye anayerudi sokoni mara nne kutafuta waliobaki.

Kesho yake, Ijumaa, tuliabudu kama kawaida katika kiwanja cha makanisa pale Ruwi. Ardhi ile tulipewa kwa ukarimu wa Sultani Qaboos. Hakuna aliyeinunua kati yetu, na wengi wetu tulifika nchi hii miaka mingi baada ya waliotutangulia kuweka matofali na kufagia vumbi. Tunakaa kwenye viti vilevile na kuimba nyimbo zilezile. Sijawahi kumsikia mtu akisimama katikati ya ibada na kusema siyo haki.

Juma hili, kila neno hilo likikujia mdomoni, jiulize kwanza: nimeporwa, au mwenzangu amepewa? Kama umeporwa, sema, tena usiseme peke yako. Kama mwenzako amepewa, mpelekee salamu. Kaka yangu ameniahidi kuanza na "habari za asubuhi".

Tuombe: Ee Bwana, wape ujira wao waliozuiliwa. Utuponye tunaoumizwa na riziki ya jirani. Na sisi tulioitwa jioni, utufundishe kuwasogezea kiti watakaokuja baada yetu. Amina.