Funga ya 17: Mwembe kwenye nyumba ya kupanga



Masika hayo yanakuja. Jana baada ya Alasiri nilipita kitaluni, nikashika mche wa mwembe wa kubebesha. Muuzaji akasema ukiutunza, miaka mitatu minne unakula. Nikaurudisha. Mimi mpangaji, miaka minne nitakuwa wapi? Nikabeba miche ya pilipili, hiyo nitaila mwenyewe.

Kwenye Tarawehe likanirudia. Mtume (s.a.w.) katufundisha: anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti alioupanda Muislamu ni sadaka yake, hata kilichoibwa. Hakusema lazima uwepo ukiliwa. Ila kiwanja ni cha mtu, bila ruhusa yake ni dhulma. Nimempigia mwenye nyumba. Kacheka: panda, ila mbali na shimo la choo.

Leo narudi kitaluni, inshaallah.