Kipimo ni Amana

Ubishi wa maili na kilomita huendeshwa kana kwamba ni kesi kati ya werevu na ujinga. Karibu nchi zote duniani zimepokea mita. Marekani imebaki na maili, futi na inchi, na Uingereza iko katikati: petroli inauzwa kwa lita, mabango ya barabarani yanahesabu maili. Mtu wa nje akiyaona hayo huuliza kwa nini watu hawa wanaukataa ukweli. Naona swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Umbali upo, nao haupungui wala hauzidi kwa jina tulilolipa. Kipimo, kwa upande wake, ni mapatano ya watu. Kwa hiyo, swali zito kuhusu kipimo ni la maadili: je, anayekitaja na anayekisikia wanaelewana, na je, kinaweka haki kati yao?

Mtetezi wa mita atapinga, na hoja yake ina nguvu. Atasema maili imetokana na nyayo za askari wa Roma na amri za wafalme, ilhali mita imetolewa katika dunia yenyewe. Ni kweli kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Mwaka 1791 wataalamu wa Paris waliamua mita iwe sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, na mwaka uliofuata wanaastronomia Delambre na Méchain wakaanza kupima ardhi kutoka Dunkerque hadi Barcelona, katikati ya mapinduzi na vita. Mwaka 1799 ikatolewa fimbo ya platini. Baadaye ikabainika kuwa fimbo ile ilikuwa fupi kwa takriban milimita 0.2, hasa kwa sababu ubapa wa dunia ulikuwa umekadiriwa vibaya. Hata hivyo, hakuna aliyeirefusha. Ilipobidi kuchagua kati ya dunia na fimbo, watu walichagua fimbo, kwa kuwa ndiyo waliyokwisha kukubaliana. Tangu mwaka 1983 mita ni umbali unaokatwa na mwanga katika ombwe kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde, na tarakimu hizo zimewekwa ili mita mpya ilingane na ya zamani. Maili nayo haiko mbali na mapatano hayo. Mwaka 1959 Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zilikubaliana kuwa yadi moja ni mita 0.9144, na kwa hesabu hiyo maili ni kilomita 1.609344 kamili. Dereva wa Chicago anayehesabu maili anahesabu mita zilizofungwa kwa idadi nyingine. Basi hakuna upande unaoweza kudai kwamba ukweli ni wake peke yake.

Hapo atasimama mpinzani wa pili: ikiwa kipimo ni mapatano tu, si kila mtu apime apendavyo? La, kwa sababu mapatano hufunga. Mtu aliyetoa ahadi hana ruhusa ya kuivunja eti kwa kuwa angeweza kuahidi jambo jingine. Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaodai kipimo kamili wanapopokea, kisha wanapunja wanapowapimia wenzao. Na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inakataza kubeba mawe mawili ya kupimia, kubwa na dogo. Tuzingatie kwamba hakuna andiko hapo linaloweka ukubwa wa pishi wala uzito wa jiwe. Linalotakiwa ni kwamba kipimo cha kutoa kiwe kilekile cha kupokea. Wakulima wa Ufaransa waliowasilisha malalamiko yao mwaka 1789 walilia kilio hicho hicho: mabwana wa ardhi walipokea nafaka kwa vipimo vyao wenyewe. Na dhambi hii haihitaji nia mbaya ili ilete hasara. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani cha kuchunguza hali ya hewa ya Mars kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza, yaani pauni, na waliozipokea wakazisoma kama vipimo vya metriki, yaani newton. Chombo kilitarajiwa kupita kilomita 226 juu ya sayari. Kikashuka hadi kama 57. Pauni haikuwa na kosa, wala newton. Kosa lilikuwa kwa watu walioacha kuulizana.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: umbali wa binadamu ni jasho na muda, ndiyo maana watu wa nchi nyingi, Wamarekani wakiwemo, hujibu kwa saa wanapoulizwa mji fulani uko mbali kiasi gani. Mafakihi walilikabili jambo hili zamani. Msafiri Mwislamu ameruhusiwa kufupisha sala, na hekima ya ruhusa hiyo ni kumwondolea mashaka. Lakini mashaka hayana rula: mzee huchoka pale kijana anapoanza kupata moto. Kwa hiyo madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, yaliifunga hukumu kwenye safari ya marhala mbili, yaani farsakh 16, ambazo wanazuoni wa leo huzikadiria kuwa kilomita 80 na ushei. Anayetoka Mombasa kwenda Malindi kwa basi ana ruhusa, ingawa amekaa kitini, kwa kuwa sheria haimuulizi amechoka kiasi gani. Mwanazuoni Ibn Taymiyya aliona vingine: safari ni ile ambayo watu kwa desturi yao huiita safari. Nakiri rai yake iko karibu zaidi na maisha yanavyoonekana. Hata hivyo, ile ya kwanza inamlinda mtu dhidi ya kuwa hakimu wa udhaifu wake mwenyewe, na inamweka tajiri na maskini mbele ya mpaka mmoja. Muda una nafasi yake katika mazungumzo; mpaka wa wajibu unataka kipimo ambacho wote wanaweza kukikagua.

Kwa hiyo silioni kosa la Mmarekani katika kupenda maili, wala fahari ya mwingine katika kushika kilomita. Kila taifa lina haki ya kuizungumza njia yake kwa namna liliyoizoea. Haki hiyo inaishia pale uhai, mali au wajibu wa mtu mwingine unapoingia katika hesabu. Kuanzia hapo, kipimo si cha anayepima tena. Ni amana ya yule atakayekitegemea, na mwenye nguvu ndiye anayepaswa kubeba kwanza taabu ya kukibadilisha ili mwenzake aelewe.