Deni la Shimo

Sisi watu wa pwani tuna desturi njema. Kabla jeneza halijainuliwa, mmoja katika jamaa husimama akatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze. Kwani twajua kuwa deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Je, mgodi nao ukifa, ni nani asimamaye kutangaza?

Huko Dutwa, wilaya ya Bariadi, katika mkoa wa Simiyu, kampuni ya Uingereza iitwayo African Eagle Resources ilitafuta nikeli mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mgodi haukujengwa mikononi mwake. Basi swali letu lafaa kuulizwa mahali kama hapo, kabla shimo halijachimbwa. Tazama Buzwagi, huko Kahama: mgodi wa dhahabu ulianza mwaka 2009, ukafikia mwisho wake mwaka 2021. Miaka 12 tu, lakini ardhi yabaki na wenyeji vizazi na vizazi.

Wanahesabu wa dunia wamelijua jambo hili. Kanuni yao iitwayo IAS 37 yataka gharama ya kuirudishia ardhi hali yake, kampuni ikiwa imefungwa nayo kwa sheria au kwa ahadi, iandikwe kuwa ni deni tangu uharibifu utokeapo, isingojewe siku ya kufunga. Ni kama mtu aliyeazima masufuria ya jirani kwa karamu: wajibu wa kuyasugua umemshika tangu alipowasha moto, si baada ya wageni kuondoka.

Lakini hapa pana mitego miwili. Kwanza, deni la baadaye huandikwa kwa thamani ya leo. Shilingi milioni 100 za kulipwa baada ya miaka 20, kwa kiwango cha asilimia 10, huandikwa karibu milioni 15 tu, kisha hukuzwa mwaka hata mwaka. Hesabu hiyo si uongo, ila moyo wa mwanadamu hukidharau kilicho kidogo. Pili, kuandika si kuweka. Daftari laweza kutaja deni ilhali sanduku ni tupu, na wenye hisa wamekwisha kugawana faida. Huko ni kurithi kabla ya kulipa.

Mtu atasema: fedha zikifungiwa, kazi itapungua. Ni kweli, lakini fedha hizo si zake, ni amana. Ndiyo maana sheria ya madini ya Tanzania ya mwaka 2010 ikafungua mlango wa kudai dhamana ya ukarabati wa ardhi, mfano wa rehani tuijuayo.

Nasi je, Ndugu Msomaji? Tuchimbao mawe na mchanga wa kujengea nyumba zetu, ni mashimo mangapi tumeyaacha yakijaa maji, na watoto wa wenzetu wakicheza kandoni? Ardhi haina ulimi wa kudai. Tuliandike deni lake, na tuliweke kando, sisi tungali hai.