Siku Tusiyoijua na Siku Tunayoijua

Kila mwaka Majilio yanapoanza tunafunika madhabahu kwa kitambaa cha zambarau, tunawasha mshumaa wa kwanza kati ya minne, na mwaka mpya wa Kanisa unaanza. Katika majuma hayo tunakumbushwa agizo la Bwana Yesu katika Mathayo 24: tukeshe, kwa maana hakuna aijuaye siku wala saa ya kurudi kwake. Washarika huitikia Amina. Lakini mtoto wa kipaimara akituuliza, "Mchungaji, kukesha ni kufanya nini hasa?" mara nyingi sisi wachungaji tunababaika. Tunajibu kwamba ni kusali, ni kuwa tayari. Jibu hilo ni la kweli, ila halijamfikisha mtoto mbali.

Na bado, kwetu Manchira neno kukesha halihitaji kamusi. Mahindi yanapokomaa, wenye mashamba ya upande wa Hifadhi ya Serengeti hulala shambani, au tuseme hawalali. Hupanda kwenye dungu, huwasha moto, huweka tochi na debe la kugonga mahali pa karibu, kwa sababu tembo hapigi hodi. Mlinzi wa shamba hatazami mawinguni usiku kucha. Anatazama kichakani, upande ule hatari inakotokea, na nyuma yake kuna chakula cha watoto wake. Kwake yeye kukesha ni kulinda alichokabidhiwa.

Bwana Yesu naye alifundisha hivyo. Mara baada ya kuagiza tukeshe, alisimulia habari za mtumwa aliyewekwa juu ya watu wa nyumbani ili awape chakula kwa wakati wake. Heri mtumwa yule ambaye bwana wake atamkuta akifanya hivyo. Yupo na mtumwa mwingine, anayejiambia moyoni kwamba bwana wake anakawia, kisha anaanza kuwapiga wenzake. Tutazame shtaka lake. Hashtakiwi kwa kukosea hesabu ya siku. Anashtakiwa kwa yale aliyowatendea wanyonge waliokuwa mikononi mwake.

Kusahau jambo hili kumegharimu uhai wa watu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa wafuasi wa kundi lililofundishwa kwamba wakifunga kula hadi kufa watakutana na Yesu. Wale walidhani wanamngoja Bwana kuliko sisi sote. Lakini kungoja kunakomnyima mtoto chakula ni kinyume kabisa cha kazi aliyopewa mtumwa mwaminifu.

Ni rahisi kwetu kuwashangaa watu wa Shakahola. Ni vigumu zaidi kutazama Majilio yetu wenyewe.

Mkoani Mara, Desemba ni mwezi wa Majilio na pia ni msimu wa ukeketaji. Shule zimefungwa, mabinti wako nyumbani. Miongoni mwa Wakurya, wazee wa mila, yaani inchama, ndio wanaotoa idhini msimu ufunguliwe, na kwa desturi hufunguliwa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Basi hapa kuna jambo la kutisha. Siku ya Bwana hatuijui, lakini siku ya ngariba tunaijua. Tunajua imetangazwa, tunaona mbuzi wakinunuliwa na pombe ikipikwa, tunasikia nyimbo za maandamano zikipita barabarani. Huku ndani ya kanisa tunaimba kwamba tunakesha.

Tunakiri kosa letu. Mwaka mmoja binti wa darasa letu la kipaimara aliacha kuja mwanzoni mwa Desemba. Tuliandika "hayupo" kwenye daftari. Jumapili ya tatu ya Majilio hakuwepo pia, na hakuna kati yetu aliyekwenda kubisha kwao, kwa kuwa tulihisi jibu tutakalopewa na hatukutaka kulisikia. Aliporudi Januari alikaa benchi la nyuma, akatembea kwa taabu, na hakumtazama mtu usoni. Hatukuwa tumelala usingizi. Tulikuwa macho, tukifanya mazoezi ya kwaya ya Krismasi.

Wapo ndugu watakaosema kwamba mila ni mila, na Kanisa lisiingilie. Tuwajibu kwa heshima, kwa sababu wazazi wale si wakatili. Wanampenda binti yao, na wanaogopa atadharauliwa, hataolewa, ng'ombe wa mahari hawatakuja. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini upendo unaoongozwa na hofu unaweza kumtoa mtoto damu hadi afe, na anayepona anaweza kubaki na maumivu mpaka siku ya kujifungua. Sheria ya nchi iko wazi tangu mwaka 1998: kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Kama serikali imeona, Kanisa linaloitwa mlinzi litasemaje halikuona?

Wengine watauliza: je, tukigeuza kukesha kuwe kulinda mabinti, hatujapunguza tumaini la kurudi kwa Kristo likawa kazi ya ustawi wa jamii tu? Swali hili ni zito. Sisi Walutheri tunakiri kwamba hatuokolewi kwa matendo, na ulimwengu mpya utaletwa na Kristo mwenyewe. Hatuujengi sisi kwa mikono yetu. Hata hivyo, ni tumaini hilo hilo linalotupa ujasiri. Anayeamini kwamba hukumu ya mwisho ni ya Bwana haogopi kupita kiasi hukumu ya ukoo. Mzee wa kanisa anayekataa kuchangia sherehe ya kukeketwa kwa mjukuu wake anaweza kutengwa na ndugu zake. Atasimama kwa nguvu gani, kama hakuna anayekuja?

Tunamshukuru Mungu kwamba wapo waliokesha wakati sisi tumenyamaza. Pale Mugumu ipo Nyumba Salama, na kule Masanga wilayani Tarime kipo kituo cha Wakatoliki. Huko mabinti hukimbilia msimu unapofika, wengine wakitembea usiku peke yao. Msimu ukiisha wahudumu huketi na wazazi kutafuta mapatano, na si wazazi wote wanaokubali kumpokea mtoto. Kukesha namna hiyo hakuishi Krismasi ikipita. Na siku hizi, kwa kuogopa sheria, wengine wanakeketa kwa siri, hata watoto wadogo, nje ya msimu. Hata ile siku tuliyokuwa tukiijua inaanza kufichwa. Ndiyo sababu mlinzi hawezi kutegemea kalenda, wala ya inchama wala ya Kanisa.

Basi katika Majilio haya, kabla ya kuwasha mshumaa wa kwanza, kila mzee wa kanisa na ahesabu mabinti wa mtaa wake kwa majina. Asiyeonekana kanisani atafutwe siku hiyo hiyo. Mama anayeogopa apate mtu wa kukaa naye, na baba anayesitasita asikie kutoka kwa wanaume wenzake kwamba binti asiyekeketwa ataolewa, na kwamba vijana wetu wako tayari kumwoa. Na sisi wachungaji tuseme madhabahuni kwa kinywa wazi, hata kama mwenye ng'ombe wengi amekaa benchi la mbele.

Bwana atakuja saa tusiyoidhani. Atukute tumebisha mlango wa yule binti.