Waandishi Hawakwenda Bethlehemu

Somo: Mathayo 2:1–12

Mamajusi walipofika Yerusalemu walikuwa na swali moja tu: mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa yuko wapi? Herode hakuwa na jibu, akawaita wakuu wa makuhani na waandishi. Hao hawakuomba muda wa kutafuta. Andiko la nabii Mika walilijua, wakautaja mji pale pale: Bethlehemu ya Uyahudi. Jibu lao lilikuwa sahihi. Kisha Mathayo anaendelea na habari yake, wala hatusomi kwamba hata mmoja wao alifunga safari.

Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni kama kilometa 9. Huku Usambara wapo akina mama wanaotembea zaidi ya hapo kwenda sokoni, mzigo wa viazi kichwani, na jioni wanaupanda tena mlima kurudi kwao. Mamajusi walitoka mbali sana, mashariki, bila torati wala manabii. Wenye Maandiko wakabaki majumbani mwao.

Somo hili linanisumbua kila ninapolisoma, maana sisi wa Mlalo tunakaa jirani kabisa na Bethlehemu. Habari za Kristo hazikuingia milima hii jana. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai, akamweleza nia ya kuleta walimu wa Injili. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo hapa Mlalo wakakiita Hohenfriedeberg. Tangu siku hizo vizazi vimebatizwa, vimefungishwa ndoa na kuzikwa kwa Neno hilo. Mtoto wetu huanza Shule ya Jumapili kabla hajajua kusoma. Akimaliza kipaimara, Amri Kumi, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana zimo kichwani mwake. Hata jirani zetu Waislamu, tunaozikana nao, wanajua kwamba Isa alizaliwa na Mariamu. Mlalo haina upungufu wa habari.

Wala sidharau kujua. Mamajusi wenyewe walilihitaji jibu la waandishi: nyota iliwafikisha Uyahudi, lakini Neno ndilo lililowaelekeza Bethlehemu. Hapo ndipo penye hofu yangu. Mtu aweza kuwaonyesha wenzake njia, njia ya kweli kabisa, wakaifuata na kufika, yeye akabaki alipokuwa. Mwinjilisti aweza. Mwalimu wa kipaimara aweza. Mzee wa kanisa aweza, na mwanakwaya anayeimba msamaha wa Mungu huku ndugu yake wa tumbo moja hasalimiani naye kwa sababu ya mpaka wa shamba. Yakobo 2:19 inatuambia kwamba hata mashetani wanasadiki kuwa Mungu ni mmoja, na wanatetemeka. Herode naye alisadiki kiasi cha kufadhaika. Akatuma askari.

Basi kuamini ni nini? Tuiangalie Amri ya Kwanza. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, ambayo bado tunawafundisha watoto wetu, Martin Luther anaieleza kuwa ni kumcha Mungu, kumpenda na kumtumainia kuliko vitu vyote. Kumtumainia: hilo ndilo lisilopimwa kwa mtihani wa kipaimara. Linapimwa usiku mtoto anapowaka homa ghafla na majirani wameanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Usiku huo wengi walioikariri Amri ya Kwanza wamepita njia za vichochoroni kwenda kwa mganga kuuliza ni nani aliyeroga. Sisemi juu ya dawa za miti. Miti ni kazi ya mikono ya Mungu. Nasema juu ya moyo uliokwenda kutafuta mwokozi mwingine. Hofu ya mzazi naielewa, na simcheki mtu aliyekesha na mgonjwa. Lakini ni kwa mzazi huyo, mwenye hofu ile ile na katika usiku ule ule, Kristo anajitoa awe wake. Kuamini ni kumshika yeye hapo.

Na anayejikuta miongoni mwa waandishi afanye nini? Ajikaze? Luther, akieleza sehemu ya tatu ya Imani, anakiri kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo. Ni Roho Mtakatifu aliyemwita kwa Injili. Baba wa yule kijana katika Marko 9 alikuwa na imani nusu, na nusu hiyo hakuificha. Aliipeleka kwa Yesu pamoja na kutoamini kwake, akaomba asaidiwe, na mwanawe akapona.

Tena yuko Nikodemo, mwalimu wa Israeli, mtu wa Maandiko kama wale wa Yerusalemu. Mara ya kwanza alikuja kwa Yesu usiku, akaondoka na maswali. Yohana 19:39 inamwonyesha tena, Yesu akiwa amekwisha kufa na wanafunzi wengi wametawanyika. Siku hiyo kujulikana kuwa mtu wa Yesu kulikuwa hasara tupu. Mwalimu akaja na manemane na udi, yapata ratli mia, akasaidiana na Yusufu wa Arimathaya kumzika Bwana kwa mikono yake.