Hajamgusa

Tulikuwa sita chumbani kwa rafiki yangu, Mwananyamala, laptopu tumeiweka juu ya ndoo iliyofunikwa na sahani, wengine kitandani, wengine chini kwenye mkeka. Muvi tulijaziwa kwenye flashi na wale vijana wa vibandani. Ilipofika ile sehemu ninayotaka kuizungumzia, chumba kizima kilipiga kelele za furaha. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Tamthilia yenyewe ni Breaking Bad ya Marekani, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2013. Stelingi ni Walter White, mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Anaambiwa ana saratani ya mapafu, anaamua kupika dawa za kulevya ili aiachie familia yake fedha, na anashirikiana na Jesse Pinkman, kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Jesse ana mchumba, Jane. Wote wawili wamezama kwenye unga. Jane anagundua kwamba Walter amezuia mgawo wa Jesse, dola 480,000, anampigia simu na kumtisha: toa pesa, ama sivyo nitakuchoma. Walter anatoa.

Usiku ule ule Walter anarudi kutaka kuzungumza na Jesse, anawakuta wamelala fofofo. Anamtikisa Jesse aamke. Katika kutikisa huko Jane anageuka na kulala chali. Mara anaanza kutapika na kupaliwa na matapishi yake. Walter anakimbilia kumgeuza, mikono inakaribia kumfikia, halafu anasita. Anasimama pale pale akimtazama mpaka binti wa watu anatulia. Machozi yanamlenga, lakini haondoki na hasaidii.

"Mzee kasalimika!" mmoja akapiga kelele.

"Teja yule bwana, asingekufa leo angekufa kesho."

Na mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote: "Tena hajamgusa! Kosa lake liko wapi? Hajamgusa!"

Dada wa rafiki yangu alikuwa amekaa mlangoni akifumua nywele. Alinitazama, akasema, "Kwa hiyo kaka, mtu akifa mbele yako wewe unaweka mikono mfukoni, halafu unatuambia hujamgusa?" Tukacheka. Tukamwambia, dada, hii ni muvi tu. Akainuka, akaenda zake uani.

Msomaji mpenzi, swali la dada yule sijaweza kulitua hadi leo.

Kumbe wenye elimu zao walikwisha kulijadili. Rafiki anayesoma Mlimani alinipa fotokopi ya makala ya Mmarekani James Rachels, iliyochapishwa mwaka 1975 katika jarida la udaktari. Anatupa mfano huu. Smith atapata urithi mnono endapo binamu yake, mtoto wa miaka 6, atakufa. Mtoto akiwa anaoga, Smith anaingia na kumzamisha. Jones naye ana tamaa ile ile. Anaingia bafuni akiwa na nia hiyo hiyo, lakini mtoto anateleza mwenyewe, anajigonga kichwa na kuzama. Jones anasimama kando, tayari kumzamisha tena kama atainuka. Hainuki. Rachels anauliza: je, Jones ana afadhali kuliko Smith? Jibu lake ni kwamba hana, na mimi nimejaribu kumtetea Jones nikashindwa.

Wapo watakaosema, basi kwa hesabu hiyo sote ni wauaji, maana kila siku kuna mtoto anakufa kwa malaria nasi tunanunua soda. Hoja hiyo ina uzito. Kuna tofauti kati ya kuua na kutookoa, vinginevyo hakuna ambaye angelala usingizi. Lakini tuitazame mikono ya Walter. Hakuzuiwa na umbali, woga, wala umaskini. Ilikuwa kazi ya kumgeuza mtu ubavu tu. Kilichoizuia mikono ile ni hesabu: huyu akifa, siri yangu iko salama na kijana wangu anarudi. Mtu akishapiga hesabu ya faida kwenye pumzi ya mwenzake, neno "hajamgusa" limebaki la kujifariji tu. Tena si kweli hata kidogo. Nani aliyemtikisa Jesse mpaka Jane akalala chali?

Sasa niseme kwa nini nilipiga kelele kuliko wenzangu.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua kwenye duka la jumla la vitenge, Kariakoo. Mimi nilikuwa wa stoo, nalipwa 5,000 kwa siku. Kaunta alikaa kaka mmoja wa Kigoma, analipwa 8,000, na kiti chake nilikuwa nakitamani. Siku moja nilimwita aje stoo anisaidie kushusha robota. Nikiwa juu ya ngazi nikaona, kupitia uwazi wa pazia, mpwa wa bosi anafungua droo, anachukua noti na kuifunga. Jioni hesabu ikapungua laki mbili na nusu. Bosi akamgeukia kaka wa kaunta.

Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningesema; ndivyo nilivyojiambia, na hadi leo sijui kama ni kweli. Yule kaka alinitazama mara moja tu, kama mtu anayesubiri. Nikainama kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Alifukuzwa bila hata nauli. Jumatatu nilikaa kaunta.

Sikumsingizia. Sikumwibia. Sikumgusa. Ila mimi ndiye niliyemwita stoo.

Basi usiku ule Mwananyamala sikuwa namtetea Walter White. Nilikuwa najitetea mwenyewe, na wenzangu walikuwa mashahidi wangu bila kujua.

Lakini bado kuna swali: kwa nini wale wengine watano walishangilia pamoja nami? Wao hawakuwa na robota la kuficha. Nadhani jibu liko kwenye namna hadithi inavyosukwa. Walter tumekaa naye tangu mwanzo. Tumemwona akikohoa, akidhalilishwa, akihesabu siku zake. Jane tumemjua kwa muda mfupi, na kila alipotokea karibu na Walter alikuwa ni kikwazo. Ukimfuata mtu mmoja muda mrefu unaanza kupima watu wengine wote kwa faida yake. Jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Agosti 2013, Anna Gunn, aliyeigiza kama Skyler, mke wa Walter, aliandika katika gazeti la New York Times kuhusu chuki kubwa waliyokuwa nayo watazamaji kwa Skyler, mke ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kumpinga mume mhalifu. Chuki ile ilimfikia hata mwigizaji mwenyewe. Mmoja aliuliza mtandaoni wapi atampata ili amuue.

Hata hivyo, waandishi wa tamthilia ile hawakutuachia tutoroke. Jane alikuwa na baba, mwongoza ndege. Alirudi kazini akiwa bado na msiba kifuani, akakosea, ndege mbili zikagongana juu ya mji na watu 167 wakafa. Naye Bryan Cranston, aliyeigiza kama Walter, ameeleza kwamba wakati wa kupiga picha ile aliona uso wa binti yake mwenyewe mahali pa uso wa Jane, na akalia. Yeye aliona binti wa mtu. Sisi tuliona teja.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilitazama mara mbili, dukani na kwenye laptopu, na mara zote mbili nilimwona mtu mmoja tu, yule ambaye mambo yake yalinihusu.

Sisi vijana tunaotaka kuandika riwaya tunapenda kuulizana nani atakuwa stelingi wetu. Siku hizi mimi najiuliza kwanza nani atasimama njiani kwake, ana mama wapi, na nani atamlilia. Sisemi kwamba kalamu italipa deni langu. Nimekwenda Kariakoo mara mbili kumuulizia yule kaka. Wapagazi wanasema alirudi kwao Kigoma, na hakuna mwenye namba yake. Yule mpwa sasa ndiye anayekaa kaunta. Alinikaribisha soda, nami nikainywa.