Ni Nani Aliyelichafua Ziwa?

Ukiwauliza watu wengi wa kando ya Ziwa Viktoria furu wamekwenda wapi, watakujibu kwa neno moja: sangara. Samaki huyo mkubwa alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na katika miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa asili waliokuwa wa mamia ya aina, wakapotea kwa wingi. Basi kesi imekwisha. Mlaji ni sangara, na mwenye kosa ni yule aliyemleta. Hukumu hii yapendeza sana, maana mkosaji ni mmoja, tena si sisi.

Lakini yuko shahidi mwingine ambaye hakuulizwa kwa muda mrefu, naye hukaa matopeni. Jina lake ni daiatomu. Ni mwani wa chembe moja, mdogo hata jicho tupu halimwoni, aishiye katika maziwa, mito na bahari. Gamba lake ni la silika, kitu kile kile kilichomo katika kioo, nalo lina vipande viwili vinavyofunikana kama kikopo na kifuniko chake. Akifa huzama, mwili ukaoza, gamba likabaki. Msafiri apitaye Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, huona machimbo ya udongo mweupe kama chaki. Weupe ule ni magamba ya daiatomu wa ziwa la kale, yamelala pale miaka mingi kupita hesabu ya ukoo wowote.

Sasa wataalamu hushusha bomba mpaka chini ya ziwa, wakapandisha tope bila kulivuruga, wakalikata vipande vyembamba kama mkate. Kipande cha juu ni cha juzi, cha chini ni cha enzi za mababu. Umri wake hujulikana kwa kupima aina fulani ya risasi ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi. Kisha magamba husafishwa kwa dawa kali na kuhesabiwa katika hadubini. Kwa kuwa kila aina ya daiatomu ina maji yake iyapendayo, mengine safi, mengine yenye rutuba nyingi, anayehesabu magamba ajua maji ya wakati ule yalikuwaje.

Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walitangaza waliyoyasoma katika tope la Ziwa Viktoria, katika daiatomu na mabaki mengine. Mwani ulianza kuongezeka tangu miaka ya 1930, kabla sangara hajafika, sambamba na kuongezeka kwa watu na mashamba katika nchi zinazolizunguka ziwa. Daiatomu walistawi mno hata wakaizika silika ya ziwa pamoja nao matopeni, na mwisho wa miaka ya 1980 mwani wa aina nyingine, ule wa kijani-buluu, ukatawala. Hewa ya oksijeni kilindini ilianza kupungua mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huenda jambo hilo nalo liliwaondolea baadhi ya furu makao yao. Tulitazame neno hilo “huenda”. Tope halikumwachilia huru sangara. Limesema tu kwamba hakuwa peke yake, nasi twamheshimu shahidi asiyezidisha.

Hapo ndipo penye swali gumu. Aliyefyeka kichaka mwaka 1935 ili apande pamba au mahindi alitaka kulisha watoto na kulipa kodi. Hakuona ziwa, pengine lilikuwa mbali naye mwendo wa siku tatu. Je, ana hatia? Wako wasemao kwamba pasipo kujua hapana kosa. Wengine husema sote tumekosa, na hao twawaogopa zaidi, maana kosa la wote aghalabu huwa halina wa kulitengeneza.

Sisi twaona afadhali kutenga lawama na deni. Mtu akirithi shamba la babaye hurithi na deni lililo juu yake, wala hakuna amwitaye mwizi. Lakini akila mazao na kukataa kulipa, hapo jina lake litabadilika. Mkulima wa 1935 hakujua. Sisi twajua, na kutojua kwake hatuwezi kukuazima.

Wala mafungu ya deni si sawa. Mama mwenye nusu eka mlimani, na mji umwagao maji machafu mtoni, wote wamo katika lile “sisi”, ila si haki kuwatoza sawa. Hapa daiatomu wana msaada wa pili. Katika mito hushika juu ya mawe. Mchunguzi huparuza mawe ya juu ya mji, kisha ya chini ya mji, akalinganisha. Mto Nairobi umechunguzwa kwa daiatomu namna hiyo. Tope la ziwa hutuambia “ninyi nyote”. Jiwe la mtoni humwambia mtu “wewe, hapa”. Halmashauri ya mji, au kiwanda chenye bomba, haitakuwa rahisi kwake kujificha nyuma ya wakulima wote wa bonde zima wakati mawe yaliyo juu ya bomba lake yana daiatomu wa maji safi na yaliyo chini yake hayana.